Wifi yangu alisomewa msiba na mtoto wa jirani

Bi Mshauri, assalaam alaykum. Shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Langoni, Lamu. Majibu yako nimeyasoma muda mrefu na sikudhani iko siku nami nitakuandikia. Aliye mbali huenda akaliona jambo hili dogo, lakini limetutenga na nyumba ya wifi yangu, na ndani ya nyumba yetu wenyewe limeleta ugomvi kila jioni.

Shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu, alikuwa amelazwa hospitali Mombasa. Tulijua ni mgonjwa, ila hatukudhani siku zake zimekaribia vile. Asubuhi moja, hata chai hatujamaliza, mtoto wa marehemu akampigia simu mume wangu kumwambia mzee amefariki. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Nyumba ikachafuka. Mume wangu akawa anahangaikia usafiri awahi maziko, mimi huku namfungia nguo na kutafuta nauli kwa majirani. Mwanangu wa kiume, ana miaka 19, akachukua simu yake akaandika kwenye grupu la ukoo: "Ami katuacha. Xo xad." Hiyo "xo xad" ni Kiingereza, "so sad", yaani huzuni kubwa. Akamalizia kwa vikatuni vitatu vya kulia.

Wifi yangu anakaa Shela. Ni mtu mzima, na macho yake hayasomi tena vitu vya karibu. Alikuwa jikoni anapika mahamri simu ilipolia. Akamwita mtoto wa jirani, wa darasa la tatu, amsomee. Yule mtoto akasoma kama anavyosoma kitabu cha shule, silabi kwa silabi: "A-mi ka-tu-a-cha. Kso... ksadi." Kisha akamuuliza, "Bibi, ksadi ni nini?" Haya nimeyasikia kwa kinywa cha wifi yangu mwenyewe, siku ya hitima, mbele ya wanawake wote. Akasema, "Ndugu yangu wa tumbo moja, nimeambiwa amekufa na mtoto wa watu asiyejua anasoma nini." Maziko yalikuwa Mombasa siku ile ile, hakuwahi.

Tangu hapo hakanyagi kwetu. Salamu anaitikia, chakula nikimpelekea anapokea mlangoni na kushukuru, lakini haniambii karibu ndani.

Mwanangu anasema yeye ameshaomba msamaha. Nilipomuuliza ameuomba vipi, akanionyesha simu: "Shangazi xamahani xana, ckukuxudia." Tiki zimegeuka buluu na jibu hakuna. Kwake yeye deni limelipwa. "Mama, si ameisoma?"

Mume wangu naye aliporudi kutoka Mombasa alikusanya simu za watoto akazifungia kabatini. Kijana anafanya kazi ya boti, wageni wake humpata kwa simu, sasa anazunguka gatini akiomba simu za wenzake. Binti yetu yuko kidato cha tatu, na insha yake ya mwisho ilirudi imejaa wino mwekundu: "xaxa" imezungushwa, "wa2 wengi" imezungushwa, na pembeni mwalimu ameandika, "Hii ni lugha gani?" Mume wangu anaishika ile karatasi kama ushahidi. Anasema simu zimeua Kiamu, lahaja yetu ya Lamu, zimeua adabu, na kwamba watoto hawa hawajui tena kuzungumza na mtu. Na mimi nikitoka jioni nawaona vijana wamekaa dakani, pale barazani penye mlango wa nyumba, sita au saba, kila mmoja kainamia simu yake, na naambiwa wengine wanaandikiana wao kwa wao pale pale walipokaa. Mamangu mzazi tunaishi naye, mzungumzaji wa Kiamu cha zamani, mtu wa hadithi. Binti humjibu "sawa", basi, akapita.

Nisaidie Bi Mshauri. Ni kweli simu imeharibu lugha ya wanangu? Nizitetee zitoke kabatini, au mume wangu ana haki? Na wifi yangu nitamrudishaje?

Mama wa watatu, Langoni

JIBU LA BI MSHAURI

Wa alaykum salaam, mwanangu, na marahaba. Poleni kwa msiba. Mola amrehemu marehemu, awape subira nyote, na wifi yako zaidi.

Barua yako ina mambo mawili, na mumeo ameyafungia katika kabati moja. Liko la namna watoto wanavyoandika, na liko la namna habari ya kifo ilivyomfikia dada wa marehemu. Yote mawili yamepitia simu, ndiyo maana yanafanana, lakini la kwanza ni jepesi na la pili ni zito. Hebu fikiri: lau mwanao angeandika kwa Kiswahili fasaha cha mtihani, "Ami yetu mpendwa amefariki dunia asubuhi ya leo," wifi yako angesomewa vile vile na mtoto wa jirani, mafuta yakichemka mbele yake. Kila herufi ingekuwa mahali pake, na uchungu ungekuwa ule ule.

Nianze na jepesi, maana mumeo amelipa uzito usio wake.

Nimesomesha Kiswahili miaka mingi, na hizi x nimezisahihisha tangu zama za simu za vitufe. Wazazi wengi huziona ni uhuni. Asili yake ni ufinyu wa nafasi na wa mfuko. Wahandisi waliobuni ujumbe mfupi katika miaka ya 1980 waliukatia herufi 160, nafasi na nukta zikiwemo, na ujumbe wa kwanza ukatumwa Uingereza tarehe 3 Desemba 1992. Ulipoenea kwetu kila ujumbe ulikuwa na bei yake, na ukivuka 160 unalipia mbili. Tena vitazame vile vitufe vyenyewe. Herufi s ilikuwa ya nne kwenye kitufe cha 7, kwa hiyo kupata s moja ni kubonyeza mara nne. X ilikuwa ya pili kwenye kitufe cha 9. Kuandika "sasa" ilikuwa ni kubonyeza mara kumi. "Xaxa" ni mara sita. T na u zilikaa pamoja kwenye kitufe cha 8, ukishabonyeza t sharti ungoje kidogo ndipo u ikubali. Vijana wakaona heri washikilie kitufe cha 2, tarakimu itoke, isomeke "tu" kama Waingereza wanavyoitamka. "Watu" ikawa "wa2". Mimi siidharau akili ile. Kijana mwenye shilingi chache za salio alikuwa anabana matumizi.

Leo simu za kioo hazina vitufe hivyo, na WhatsApp haimhesabii mtu herufi 160. Dhiki imeondoka, mtindo umebaki kuwa alama ya rika: anayeandika hivi ni mwenzetu. Mwanao hakuandika "xo xad" kwa haraka ya kubana nafasi. Aliandika kwa lugha ya wenzake kwa sababu ndiyo iliyokuwa mkononi wakati moyo umemruka. Usidhani hakuumia.

Je, uandishi huu unamharibia mtoto lugha? Watafiti wa Chuo Kikuu cha Coventry, Uingereza, walitoa mwaka 2009 uchunguzi wa watoto 88 wa miaka 10 hadi 12. Waliotumia vifupisho vingi zaidi katika ujumbe wao hawakuwa nyuma katika kusoma. Walielekea kuwa mbele, hasa katika kutambua sauti za maneno. Ni watoto wa Kiingereza, si wengi, na hakuna anayesema vifupisho ndivyo vilivyowapa akili. Lakini ile hofu kwamba mtoto akifupisha basi kichwa chake kimefupika, uchunguzi ule hauiungi mkono. Na ukilitazama jambo lenyewe utaona kwa nini. Huwezi kuandika "m2" mpaka ujue kwamba "mtu" ina silabi mbili na ya pili ni "tu". Anayekosea kwa kutojua na anayekata kwa kujua hawalingani.

Na sisi watu wa Lamu tuna ushahidi wa kwetu, nami nauona mkubwa kuliko wa Coventry. Kiswahili chetu kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu kwa zaidi ya miaka mia mbili, herufi ambazo kwa asili yake hazina p, hazina v wala ch, na hazitenganishi e na i wala o na u. Mtunzi wa tenzi aliandika alichoweza kuandika. Msomaji akajaza yaliyobaki, kwa kuwa maneno alikuwa nayo masikioni tangu utotoni: ameyasikia kwa mamake, kwenye ngoma za harusi, msikitini, dakani. Maandishi yalikuwa na mapengo na lugha ilikuwa nzima.

Kwa hiyo kinachonitia hofu kwa binti yako hakimo kwenye ile karatasi yenye wino mwekundu. Kimo katika jambo ulilolitaja kwa mstari mmoja ukapita: kwamba nyanyake, mtu wa hadithi, mzungumzaji wa Kiamu cha zamani, anaishi naye nyumba moja na anajibiwa "sawa". Hapo ndipo lugha inapovuja. Na simu ikifungiwa kabatini hapazibiki, kwa sababu binti atakaa kimya bila simu kama alivyokuwa akikaa kimya akiwa nayo.

Mumeo anasema simu imeua Kiamu. Umwambie kwa upole kwamba Kiamu kilisukumwa kando kabla ya sisi sote. Mkutano uliofanyika Mombasa mwaka 1928 uliteua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na kuanzia 1930 ikawako kamati ya lugha ya Afrika Mashariki kusimamia vitabu vya shule kwa msingi huo. Tangu hapo mtoto wa Amu akiandika "nimeya" hurekebishwa "nimekuja". "Ndoo" hurekebishwa "njoo". "Mato" huwa "macho". Mwalimu hana budi, mtihani ndio unaodai. Sasa tazama simu za vijana hao hao. Wale wa huko wanaoniandikia huandika wanavyosema: "nimeya yana", "ndoo kwetu", na x zao humo humo. Hakuna kalamu nyekundu, na Kiamu kinatoka chenyewe. Nathubutu kusema ujumbe wa simu ni miongoni mwa mahali pachache palipobaki ambapo kijana wa Lamu anaandika lugha ya mamake bila mtu kumsahihisha. Mumeo anayekipenda Kiamu ana sababu ya kuliangalia hilo kwa jicho jingine.

Insha ya binti ina dawa nyepesi. Yuko kidato cha tatu, kwa hiyo KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, hauko mbali: insha ina alama 40, na karatasi ya pili ina alama 10 za isimu jamii, ambako hufundishwa sajili, yaani lugha inavyobadilika mahakamani, hospitalini, sokoni na kwenye simu. Sajili moja tayari anaijua barabara. Mfanye aone kwamba ni moja kati ya nyingi. Jioni achukue mazungumzo yake mwenyewe ya simu, yale yasiyo siri, amsimulie nyanyake kwa mdomo bila kumwonyesha kioo, mpaka bibi aelewe nani kasema nini na kwa nini. Kisha ayaandike kwenye daftari kama insha. Mara ya kwanza atakwama, atasema "yaani... yaani..." Mwache akwame. Nyanyake atamwuliza maswali, na yale maswali yatamfunza zaidi ya wino mwekundu.

Na simu yenyewe igeuzwe kazi. Amrekodi bibi kwa sauti: namna harusi za zamani zilivyopangwa siku kwa siku, majina ya vyombo vya baharini, nyimbo alizoimbiwa. Nusu ya maneno yale binti hatayajua, itabidi aulize. Hapo "sawa" haitoshi.

Kitu kimoja sitakilegezea, nacho ni salamu. Siku hizi naletewa "asc", naletewa "jzk" mahali pa kushukuru. Salamu yetu ni dua ambayo mtu anamwombea mwenziwe, na simu za leo ukianza herufi mbili zinakumalizia neno. Hakuna dhiki ya nafasi wala ya bei. Iandikwe yote.

Sasa nije kwa vijana wa dakani. Usihukumu haraka kwamba hawazungumzi. Wapo wanaozungumza mno, ila na asiyekuwepo pale. Kijana ana nduguye Ghuba anayefanya kazi usiku na mchana, na ujumbe ule ndio unaomfanya ajue nyumbani kumepikwa nini. Binti wa Mkomani ambaye haachiwi kukaa njiani ana rafiki Faza na mwingine Mombasa, na urafiki wao ni wa kweli, wanasomeshana, wanafarijiana. Wapo wenye haya ambao ana kwa ana hawatoi neno, na kwa maandishi hufunguka. Hayo ni mema na nisingependa mzazi ayafungie.

Lakini iko kasoro ninayoiona katika barua ninazoletewa na vijana, na ndiyo hasa iliyompata mwanao. Kwenye simu neno lina pa kujificha. Ukikosea unafuta. Ukikasirika unanyamaza, mwenzako akaona tiki mbili za buluu akajua umesoma na umemdharau. Tiki hizo zililetwa mwaka 2014, na tangu hapo uchumba mwingi umeingia doa kwa sababu ya saa mbili za kutojibu, kumbe mtu yuko baharini, au chaji imemwishia. Vikatuni vya kucheka vimewekwa mahali pa kicheko, na vya kulia mahali pa machozi, kwa hiyo kijana anaweza kumaliza mwaka asijifunze kuutazama uso wa mtu aliyemuumiza. Na mji wetu ni mdogo: skrinishoti ya ugomvi uliotokea adhuhuri huwa imesomwa mtaa wa pili kabla ya magharibi. Zamani wawili waligombana, mzee akaitwa, maneno yakasemwa yakaisha, maana hakuna aliyeyakumbuka neno kwa neno. Sasa kila neno limehifadhiwa na kila mtu ana nakala.

Mwanao ana miaka 19 na amefika umri wa utu uzima akiamini kwamba kusomwa ni kusamehewa. "Mama, si ameisoma?" Mwanangu, ulipoandika maneno hayo niliacha kusoma kidogo. Kwani wifi yako ameyasoma kwa macho yapi? Umeniambia mwenyewe hayasomi vitu vya karibu. Yule yule mtoto wa darasa la tatu ameitwa tena, akasimama pale pale, akasoma: "Ksamahani ksana." Msamaha umemfikia kwa mlango ule ule ulioleta jeraha, na pengine jirani sasa anajua yote. Usishangae hakujibu.

Kwetu habari ya kifo hupigiwa hodi. Anayekwenda ni mtu mzima, hutaja salamu, huomba kukaa, na yule anayeambiwa huona usoni kabla neno halijatoka. Akianguka, yupo wa kumshika. Akishapumua huanza kuuliza: alikufa saa ngapi? Nani alikuwa naye? Alisema nini? Alipata maji? Alitamka shahada? Maswali hayo ni haki ya dada, na ujumbe wa simu hauulizwi kitu. Wifi yako alinyimwa kuuliza. Hadi leo, kwa ulivyonieleza, sijaona mahali ambapo mtu alikaa naye akamsimulia ndugu yake alivyokufa.

Na hapa nikuulize jambo ambalo barua yako haikulijibu, na usilichukie. Asubuhi ile, nani alipangiwa kwenda Shela? Mumeo alikuwa kwenye usafiri, wewe kwenye nauli na nguo. Sikusoma mahali mmoja wenu aliposema, "Dada bado hajaambiwa, nani anakwenda?" Kijana aliona kazi haina mwenyewe, akaifanya kwa chombo alichokuwa nacho mkononi. Namlaumu kwa haraka yake. Lakini ametazama wakubwa wakitoa pole za misiba kwenye grupu hilo hilo, ninyi na sisi, wakibandika "Inna lillahi" na kuendelea na shughuli zao, na hakuna aliyemkalisha chini kumwambia kwamba yapo mambo ambayo mtu huyaendea kwa miguu. Na kutoka Langoni hadi Shela ni chini ya saa moja kwa kufuata ufuo. Kwa boti ni dakika chache, na huyo ni kijana wa boti.

Kwa hiyo mwombe mumeo azitoe simu. Ya kijana ni riziki, ya binti itamfaa kwa kazi niliyoitaja. Azitoe usiku mmoja mkiwa mmekaa wote, na mkubaliane kama nyumba kwamba kifo, talaka na aibu ya mtu haviandikwi kwenye grupu. Vinapelekwa na mtu mzima kwa waliokaribu, kwa wa mbali hupigwa simu ya sauti na anayepokea huulizwa kwanza kama yuko na mtu. Grupu ni la mwisho, wakishajua wote wanaopaswa kujua. Makubaliano hayo yawafunge nanyi wazazi.

Halafu muende Shela, na mumeo awe mbele, kwa sababu huyo ni dada yake na yeye pia amefiwa. Wewe umekuwa ukipeleka chakula peke yako, nacho kimepokelewa mlangoni kwa sababu aliyekuwa akingojwa hakuwa wewe. Mumeo aseme neno lake kwanza: kwamba siku ile ilikuwa wajibu wake kuhakikisha dada anafikiwa, na haikufanyika. Akishalisema hilo, kijana ndipo azungumze. Asianze na "sikukusudia", maana hilo ni la kujitetea. Aseme alichofanya, kwa Kiamu chake cha nyumbani, na akubali kuutazama uso wa shangazi yake kwa muda wote ambao shangazi atataka kusema. Huenda akasema maneno makali. Huenda akalia. Kijana asishike simu, asitazame chini, asikimbilie kumnyamazisha. Simu zote ziachwe nyumbani isipokuwa moja, ya mumeo.

Hiyo moja ina kazi. Kabla ya kuondoka, mzungumze na mtoto wa marehemu aliyekuwa hospitalini, mmwombe akae karibu na simu jioni hiyo. Wifi yako akishatulia, mumeo apige, ampe dada yake azungumze na aliyekuwa kando ya kitanda, ndugu yake alipokata roho, amuulize kila anachotaka, kwa muda anaoutaka, nanyi mtoke nje mkae dakani. Kama siku ya kwanza hatawakaribisha ndani, msibishane naye mlangoni. Rudini nyumbani, mwende tena siku ya pili, kijana akiwa nanyi.